Ngiri ni Mia Moja

Kati ya mwaka 1986 na 1988, madaktari wa upasuaji katika miji mbalimbali ya Marekani walipigiwa simu na watu waliotumwa na Chuo Kikuu cha Harvard. Maswali yenyewe yalikuwa mageni. Tuseme kurekebisha ngiri ya kinena, kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine, ni kazi yenye uzito wa 100. Je, kutoa kibofu cha nyongo kuna uzito gani? Na kukata kipande cha utumbo? Daktari alitakiwa kufikiria muda anaotumia, akili inayohitajika, ustadi wa mikono, na ile hofu inayomkaa moyoni akijua mgonjwa anaweza kumfia mezani, halafu ataje namba moja tu. Akisema 200, maana yake kazi hiyo ni sawa na ngiri mbili.

Aliyebuni zoezi hilo hakuwa daktari. William Hsiao alikuwa mtaalamu wa hesabu za bima, mmoja wa wale watu wanaolipwa na kampuni kukadiria watu wangapi watakufa mwaka fulani na vifo hivyo vitagharimu kiasi gani. Kwa zaidi ya miaka 40 serikali za nchi nyingi zilimwita azipigie hesabu za afya, na mara nyingi hesabu zake zilisimama imara. Kilichoamua kama zingeokoa mtu au kubaki kabatini kilikuwa kitu kingine, ambacho hakikuwa na safu yake kwenye jedwali.

Alizaliwa Beijing mwaka 1936 na akafika Marekani akiwa mtoto. Alisoma Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, akaajiriwa na kampuni ya bima ya maisha ya Connecticut General, kisha akahamia upande wa serikali katika Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, ambako alipanda hadi kuwa naibu wa mtaalamu mkuu wa hesabu. Udaktari wa falsafa katika uchumi aliupata baadaye Harvard. Njia hiyo ya kuingia kwenye uchumi kupitia mlango wa nyuma ilimjenga vizuri. Wachumi wengi wa wakati wake walianza na nadharia ya soko kisha wakatafuta takwimu za kuipamba. Hsiao alianza na daftari la madai ya bima.

Kazi iliyomtambulisha bungeni haikuhusu hospitali hata kidogo. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya mafao ya uzeeni ili yapande yenyewe kadiri bei za bidhaa zinavyopanda. Nia ilikuwa njema, kanuni ikaandikwa vibaya. Kwa mtu ambaye bado yuko kazini, mfumuko wa bei ulihesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kupitia mshahara wake unaoongezeka, mara ya pili kupitia jedwali la mafao linaloongezeka pia. Bei zilipopaa katika miaka hiyo ya 1970, ikaonekana kwamba baadhi ya wastaafu wa baadaye wangeweza kulipwa pensheni kubwa kuliko mshahara wao wa mwisho. Kamati za Bunge zikaunda jopo la wataalamu wanne, Hsiao akiwa mwenyekiti. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Peter Diamond, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010.

Jopo lilitoa taarifa yake mwaka 1976. Lilionyesha kosa liko wapi, na likapendekeza mapato ya zamani ya mfanyakazi yapimwe kwa bei za bidhaa badala ya mishahara. Kwa njia hiyo pensheni zingekua polepole, na Bunge lolote la baadaye lenye fedha lingeweza kuziongeza kwa kura zake lenyewe. Mwaka 1977 Bunge lilirekebisha kosa la kuhesabu mara mbili, lakini likachagua mishahara. Ugonjwa ulikubaliwa, dawa ikakataliwa. Mfuko wa mafao hayo ya uzeeni mpaka leo unahesabiwa miaka iliyobaki kabla akiba yake haijaisha.

Turudi kwenye ngiri. Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria ya Medicare, bima ya afya ya wazee, tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri, chama cha madaktari kilikuwa kimeipinga kwa miaka mingi. Ili kuwatuliza, serikali ilikubali kulipa kila daktari kile alichozoea kutoza, mradi kisipite sana kile ambacho wenzake wa eneo hilo wanatoza. Mtu yeyote aliyewahi kupatana bei sokoni anaweza kubashiri kilichofuata. Ukipandisha bei mwaka huu, mwakani ndiyo bei uliyozoea. Wenzako wakikufuata, ndiyo bei ya eneo. Upasuaji mpya ulianza na bei ya juu kwa kuwa ulikuwa mgumu na wanaouweza walikuwa wachache. Ulipozoeleka, vifaa vikaboreka na muda wake ukapungua, bei haikukumbuka kushuka. Operesheni ya mtoto wa jicho ndiyo iliyokuwa mfano uliotajwa zaidi. Wakati huohuo daktari aliyekaa na bibi wa miaka 80, akamsikiliza nusu saa, akagundua kwamba dawa zake mbili zinapigana, alilipwa kidogo, kwa sababu mazungumzo hayajawahi kuwa na bei kubwa.

Mwaka 1979 Hsiao na daktari William Stason walichapisha utafiti mdogo uliopima muda na ugumu wa huduma kadhaa. Malipo ya saa moja ya upasuaji hospitalini yalizidi mara kadhaa yale ya saa moja ya kumwona mgonjwa kliniki, hata baada ya ugumu wa kazi kuzingatiwa. Utafiti huo ukakaa miaka kadhaa ukisubiri mtu wa kuuhitaji. Katikati ya miaka ya 1980 Medicare ikawa inalemewa na ankara za madaktari, na Bunge likaagiza kipimo kipya kitafutwe. Harvard ikapewa kazi. Chama cha madaktari, kile kilichopinga Medicare, kikaingia kama mshirika wa utafiti, kikasaidia kupata madaktari wa kuhojiwa. Sababu yao haikuwa mapenzi kwa Hsiao. Mapendekezo mengine yaliyokuwa mezani, kama kulipa kifurushi kimoja kwa ugonjwa mzima, yaliwatisha zaidi.

Timu ilipima fani 18. Tatizo kubwa halikuwa ndani ya fani, maana wapasuaji hawakupishana sana kuhusu uzito wa kazi zao. Tatizo lilikuwa kuvuka kutoka fani moja hadi nyingine. Ngiri ya mpasuaji ni 100, na mahojiano ya daktari wa akili na mgonjwa wake yana 100 yake tofauti. Utaziwekaje kwenye mizani moja? Vikao vya madaktari vikatafuta jozi za huduma ambazo watu wa fani mbili wangekubali kwamba jasho lake ni sawa, na jozi hizo zikatumika kama madaraja. Hapo ndipo mizani yote ilipoegemea, na ndipo wapinzani walipopiga nyundo.

Matokeo yalitoka katika jarida la *New England Journal of Medicine* Septemba 1988, na yakaenda karibu na pale kila mtu alipoyatarajia: kwa kazi inayolingana, kukata na kupiga picha kulilipwa zaidi kuliko kumwona mgonjwa na kufikiri. Madaktari wa familia na wa magonjwa ya ndani walifurahi. Chuo cha madaktari wa upasuaji kikapinga. Mwezi Desemba 1989 Rais George H. W. Bush alisaini sheria iliyoingiza mizani hiyo ndani ya Medicare, na tarehe 1 Januari 1992 ikaanza kutumika. Kila huduma ilipewa namba yenye sehemu tatu: kazi ya daktari, gharama za kuendesha kliniki, na bima ya kujikinga na kesi za uzembe. Namba hurekebishwa kulingana na eneo, halafu huzidishwa kwa kiasi kimoja cha dola kwa nchi nzima. Mwaka 1992 kiasi hicho kilikuwa dola 31. Mwaka 2025 kilikuwa dola 32 na senti 35. Kampuni za bima binafsi nazo zilianza kunukuu mizani hiyo kwenye mikataba yao, kwa hiyo namba zilizoanza kwa mahojiano ya simu zikawa msingi wa malipo ya karibu kila daktari Marekani.

Lakini tiba hubadilika, na mizani lazima irekebishwe. Mwaka 1991, hata kabla sheria haijaanza kutekelezwa, chama cha madaktari kilianzisha kamati yake ya kupendekeza namba mpya. Wajumbe wengi ni wa fani za mabingwa. Hutuma dodoso kwa madaktari wa fani husika wakiuliza swali lilelile la Hsiao, kisha hupeleka mapendekezo serikalini, na serikali kwa miaka mingi imekubali sehemu kubwa ya mapendekezo hayo. Kwa kuwa jumla ya fedha haitakiwi kuongezeka kwa sababu ya marekebisho, anayepandishwa humshusha mwingine. Sasa fikiria: anayelipwa ndiye anayeulizwa kazi yake ina uzito gani, na anajua kwamba jibu lake ni mshahara wake. Hsiao alipouliza mara ya kwanza, hakuna aliyekuwa na hakika kama majibu yale yangetumika. Hiyo ndiyo tofauti nzima, na hakuna kanuni ya takwimu inayoweza kuirudisha. Pengo kati ya daktari wa familia na bingwa lilipungua kiasi katika miaka ya mwanzo, kisha likarudi.

Kisiwa cha Taiwan kilimpa kitu ambacho Washington haikuwahi kumpa. Mwaka 1988 baraza la mipango ya uchumi la Taiwan lilianza kuandaa bima ya afya ya taifa, na Hsiao akaitwa awe mshauri mkuu. Timu ya nyumbani ilikuwa na wasomi wa afya ya jamii, akiwamo Yang Chih-liang, ambaye tutakutana naye tena. Kiti cha uprofesa ambacho Hsiao alikuja kukishika Harvard kina jina la K. T. Li, waziri aliyesifiwa kwa kuujenga uchumi wa viwanda wa Taiwan. Uhusiano ulikuwa wa karibu hivyo.

Kisiwa kilikuwa na watu wapatao milioni 20, akiba kubwa ya fedha za kigeni, na uchumi uliokuwa ukikimbia kila mwaka. Bima ilikuwapo lakini vipandevipande: ya wafanyakazi tangu 1950, ya watumishi wa serikali tangu 1958, na ya wakulima iliyoanza miaka ya 1980. Bima ya wafanyakazi ilimfuata mfanyakazi peke yake, haikumfuata hadi nyumbani. Mkewe, watoto wake na wazazi wake hawakuwamo. Ndiyo maana zaidi ya watu wanne katika kila kumi walibaki nje, na wengi wao walikuwa watoto na wazee, yaani hasa wale wanaougua.

Umaskini wa wasio na bima haukuwa siri, wala haukuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni siasa. Septemba 1986 chama cha upinzani kilianzishwa huku sheria ya kijeshi iliyowekwa mwaka 1949 ingali inatumika. Julai 1987 sheria hiyo ikaondolewa. Januari 1988 Rais Chiang Ching-kuo akafariki, na Lee Teng-hui akashika nafasi yake. Chama tawala cha Kuomintang, kilichozoea kutawala bila kuombwa maelezo, kiliona uchaguzi wa kweli unakuja. Lengo la awali lilikuwa bima ya wote ifike mwaka 2000. Likasogezwa hadi 1995. Hsiao akawa amekutana na mteja adimu: serikali yenye fedha, yenye wingi bungeni, na yenye woga.

Timu ilipitia mifumo ya nchi tajiri, ikiwamo Ujerumani, Kanada, Japani na Uingereza, na pia ikaitazama Marekani, hasa ili kujua cha kukwepa. Uamuzi mkubwa ulikuwa kuwa na mfuko mmoja badala ya mifuko mingi inayoshindana. Hoja yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye bima. Mifuko ikishindana, njia rahisi ya kushinda ni kuwakimbia wagonjwa, na kazi hiyo ya kuwakimbia huajiri makarani wengi. Mfuko mmoja hauna pa kukimbilia. Una orodha moja ya bei, fomu moja ya madai, na nguvu ya kupatana na hospitali zote kwa pamoja. Kliniki na hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa watu binafsi, na mgonjwa akabaki huru kwenda anakotaka bila barua ya kumruhusu. Kwa mfanyakazi wa mshahara, mwajiri alibeba sehemu kubwa ya mchango.

Sheria ilipita bungeni Julai 1994, na huduma zikaanza tarehe 1 Machi 1995, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa rais kwa kura ya wananchi wote. Mwanzo ulikuwa vurugu. Idara mpya, chini ya Yeh Chin-chuan, ililazimika kuandikisha mamilioni ya watu na kusaini mikataba na hospitali kwa miezi michache. Wananchi walipewa kadi ya karatasi yenye nafasi sita za mihuri. Ukimwona daktari mara sita unarudi kuchukua nyingine, hadi ilipofika 2004 ambapo kila mtu akawa na kadi yenye chipu. Kabla ya 1995 waliokuwa na bima walikuwa takriban asilimia 57. Mwaka ule ulipoisha walikuwa zaidi ya asilimia 90.

Je, ilikuwa ghali? Hsiao na Jui-Fen Rachel Lu walirudi kuhesabu, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba ongezeko la gharama lililotokana na kuwaingiza watu wasio na bima lilifidiwa kwa kiasi kikubwa na udhibiti wa mlipaji mmoja. Kwangu mimi huo ndio ushahidi muhimu kuliko wote aliotoa, kwa sababu hoja inayotumika kila mahali dhidi ya bima ya wote ni kwamba fedha hazitatosha.

Hata hivyo wanasiasa hawakuiacha hesabu itembee yenyewe. Sheria ilitaka mgonjwa anayeruka kliniki na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa abebe asilimia kubwa ya gharama. Jambo hilo halikupendwa, na badala yake yakawekwa malipo madogo ya kiwango maalumu. Watu waliendelea kujaa hospitali kubwa. Mtu wa kawaida Taiwan huonana na daktari zaidi ya mara kumi kwa mwaka, na daktari mwenye foleni ya watu hamsini hana dakika nyingi za kumpa kila mmoja. Mchango nao ulianza kwa asilimia 4.25 ya mshahara na ulitakiwa kupanda kadiri gharama zinavyopanda. Ulikaa hapo miaka saba. Kuanzia 1998 matumizi yakapita mapato. Mwaka 2002 mchango ukapanda hadi 4.55, ukakwama tena. Yang Chih-liang, yule msomi wa timu ya awali, alikuwa waziri wa afya mwaka 2010. Alitaka mchango upande, serikali yake ikataka wasioguswa wawe wengi iwezekanavyo, na mwezi Machi akawasilisha barua ya kujiuzulu. Aliombwa abaki. Mwezi Aprili mchango ukawa asilimia 5.17. Kwa hiyo mmoja wa waliochora mfumo ilimbidi aweke kazi yake rehani ili tarakimu moja isogee, na hiyo ni katika nchi inayotajwa kama mfano wa mafanikio.

Uchina Bara hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Hsiao aliandika kuihusu mapema, mwaka 1984, wakati bima za ushirika vijijini zilikuwa zinaporomoka pamoja na mashamba ya pamoja yaliyozigharimia. Daktari wa kijijini akageuka muuza dawa, akiishi kwa faida ya sindano na dripu. Mwaka 2003 serikali ilianzisha bima mpya ya ushirika vijijini: mkulima yuan 10, serikali ya mahali 10, serikali kuu 10. Fedha hizo ndogo zilielekezwa hasa kwenye ugonjwa mkubwa unaomlaza mtu. Hsiao na wenzake waliendesha jaribio lao katika majimbo ya Guizhou na Shaanxi likienda kinyume: lipia hata kikohozi, nunua dawa kwa jumla, mpe daktari wa kijiji mshahara na bonasi ili aache kuishi kwa kuuza dripu. Mantiki ilikuwa kwamba maskini anafilisishwa pia na magonjwa madogo yanayorudirudi. Jaribio lilileta matokeo mazuri, lakini serikali ilikuwa imeshachagua njia yake.

Hong Kong walimkataa waziwazi. Serikali mpya iliyoundwa baada ya Hong Kong kurudishwa kwa Uchina mwaka 1997 iliagiza timu ya Harvard ichunguze mfumo wake, na mwaka 1999 Hsiao akawasilisha mpango wa bima ya lazima pamoja na akiba ya uzeeni kwa ajili ya matunzo. Hesabu za uzee wa idadi ya watu zilikuwa wazi. Lakini mkazi wa Hong Kong alikuwa akilazwa hospitali ya umma kwa dola 68 za Hong Kong kwa siku, chakula ndani, na sasa anaambiwa akatwe mshahara ili apate kitu ambacho tayari anacho. Madaktari walipinga, waajiri walipinga, wananchi walipinga. Taarifa ikawekwa kando. Siwezi kuwalaumu sana. Bima ya Taiwan ilimpa mama wa nyumbani kitu kipya mkononi. Ya Hong Kong ilimwomba alipe leo kwa hasara ya mwaka 2030.

Mwaka 2010 jimbo dogo la Vermont, lenye watu laki sita na ushei, lilimchagua Peter Shumlin kuwa gavana baada ya kuahidi mfuko mmoja wa afya kwa wote. Bunge la jimbo lilikuwa tayari limeagiza mtaalamu atafutwe. Akaja Hsiao, miaka 74, pamoja na Jonathan Gruber wa MIT, mchumi aliyekuwa amesaidia kuunda sheria za bima za Massachusetts na za Rais Obama. Taarifa ya mwanzo wa 2011 ilisema jimbo linaweza kuokoa kama robo ya matumizi yake ya afya kwa miaka kumi: makarani wachache, udanganyifu mdogo, bei moja, na bodi huru isiyoweza kuburutwa na wanasiasa. Hapo utaona kwamba mzee alikuwa amejifunza kitu Taiwan. Tarehe 26 Mei 2011 Shumlin alisaini sheria, Vermont ikawa jimbo la kwanza kufika hapo.

Ila sheria iliahirisha jambo moja zito: kodi gani italipia. Miaka mitatu ikapita jibu likisubiriwa. Mpango wenyewe ukabadilika njiani, mafao yakawa manono kuliko yale ya taarifa ya awali, na fedha zilizotegemewa kutoka serikali kuu zikapungua kwenye makadirio. Mfumo wa kompyuta wa kuandikisha watu ulikwama kwa aibu. Novemba 2014 zikasambaa video za Gruber akizungumzia ujinga wa wapiga kura kuhusu sheria ya Obama, na mwezi huohuo Shumlin akaponea chupuchupu kwenye uchaguzi bila kupata nusu ya kura. Tarehe 17 Desemba 2014 alitangaza kwamba anaacha. Hesabu za ofisi yake zilitaka kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara kwa waajiri na kodi ya mapato ya familia inayofika hadi asilimia 9.5. Namba hizo zilionekana kutisha ingawa zilikuwa zinachukua nafasi ya ada za bima ambazo watu hao walikuwa tayari wanalipa, tena nyingine kubwa zaidi. Ada ya bima binafsi hukatwa kimyakimya kabla mshahara haujafika nyumbani. Kodi hutangazwa na gavana mbele ya kamera.

Wengine husema Vermont ilithibitisha kwamba mfuko mmoja hauwezekani Marekani. Nadhani ilithibitisha jambo dogo zaidi: jimbo lisilo na sauti juu ya Medicare, lisiloweza kuzuia waajiri wakubwa kujitegemea kwa sheria ya taifa, na lenye wagonjwa wanaovuka mpaka kutibiwa New Hampshire, halina ule mfuko mmoja usio na pa kukimbilia. Taiwan ni kisiwa, na serikali yake ndiyo iliyoshika kila kitu.

Katikati ya safari hizi zote Hsiao alifundisha. Kitabu alichoandika na wenzake wa Harvard mwaka 2004 kinaeleza mageuzi ya afya kwa nyenzo tano: ukusanyaji wa fedha, namna ya kulipa watoa huduma, mpangilio wa huduma, kanuni, na mienendo ya watu. Kimetumika kuwafunza maofisa wa wizara za nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Mwaka 2007 yeye na R. Paul Shaw walihariri kwa ajili ya Benki ya Dunia kitabu kuhusu bima ya afya ya jamii katika nchi zinazoendelea, na mojawapo ya sura zake inahusu Kenya.

Kenya iliingia humo kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2004. Mfuko wa hospitali wa NHIF ulikuwapo tangu 1966, ukiwahudumia zaidi wenye mishahara. Waziri wa Afya Charity Ngilu alisukuma muswada wa kuugeuza kuwa bima ya Wakenya wote. Bunge liliupitisha mwezi Desemba. Waajiri, kampuni za bima na Hazina walikuwa wakinung'unika kuhusu gharama, na Rais Mwai Kibaki hakuusaini. Ilichukua hadi Oktoba 2023 kwa Rais William Ruto kusaini sheria mpya, na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023.

Ukizilinganisha Nairobi na Taipei kwa kipimo cha Hsiao, swali la kwanza ni nani anabeba mchango. Taiwan, kwa mfanyakazi wa mshahara, mwajiri hubeba asilimia 60 ya mchango, mfanyakazi 30 na serikali 10. Mkulima na mvuvi hulipiwa na serikali asilimia 70. Maskini aliyesajiliwa halipi chochote. Kenya, asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa yote kwa mfanyakazi, na mwajiri haongezi hata shilingi. Muuza mboga asiye na hati ya mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na mali aliyonayo, kompyuta inakadiria kipato chake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo mfumo ulipoanza alitakiwa kuzilipa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, isipokuwa awe miongoni mwa wale fukara ambao serikali imeahidi kuwalipia.